Andikeni Roberto, msiandike Bob

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni mchezaji gani nguli wa besiboli ungependa kukutana naye kuliko wote?" Nimelisoma mara mbili nikiwa kituo cha basi, na mara zote mbili nimeona kwamba aliyelitunga hajawahi kukutana na nguli. Mimi niliwahi. Nilipanga foleni zaidi ya nusu saa, nikitokea kazini moja kwa moja, ili mchezaji mmoja mstaafu anisainie mpira. Hakuniuliza jina langu. Alitupia jicho beji ya kazini niliyosahau kuivua, akaandika "Kwa Sam", akamtazama aliyekuwa nyuma yangu. Jina langu ni Shamte. Beji ilisema Sam kwa sababu msimamizi aliyeniajiri alisema jina fupi litawasaidia wazee tunaowahudumia, nami siku ile sikuwa na ubavu wa kubishana na mtu anayenipa kazi. Kwa hiyo naomba radhi mapema: mmeuliza nani, lakini mimi nitajibu zaidi kuhusu kitu gani mtu atamwambia mwenziwe wakishakutana, na watasalimiana vipi.

Najua wengi watawaandikia Babe Ruth, na wengine Jackie Robinson, ambaye mwaka 1947 aliingia ligi kuu iliyokuwa imewafungia milango watu weusi, na ambaye jezi yake namba 42 ilistaafishwa na timu zote mwaka 1997. Sina ugomvi nao. Lakini mimi nakaa Pittsburgh, na katika mji huu swali lenu lina jibu ambalo limekwisha kujengwa kwa chuma na zege. Daraja la Mtaa wa Sita linaitwa daraja la Roberto Clemente, na siku za mechi hufungwa kwa magari ili watu walivuke kwa miguu kuelekea uwanjani. Ndani ya uwanja, ukuta wa upande wa kulia, upande aliokuwa akiulinda, una kimo cha futi 21, kwa kuwa jezi yake ilikuwa namba 21. Mtoto wa hapa huijua namba hiyo kabla hajajua mtaa anaokaa. Basi jina la kwanza ninalowapa ni hilo, Clemente, ingawa sababu zangu si zile za darajani.

Kwa wasiofuatilia mchezo huu, alizaliwa mwaka 1934 Carolina, Puerto Rico, baba yake akiwa mnyapara katika mashamba ya miwa. Alianza kuichezea Pirates, timu ya hapa Pittsburgh, mwaka 1955, akaichezea misimu 18 bila kuhama. Aliyecheza raunda shuleni atanielewa nikisema kwamba kuupiga mpira na kufika kituo salama ni jambo ambalo hata mpigaji hodari hulikosa mara nyingi kuliko anavyolipata. Clemente alilipata mara 3,000 kamili, ya mwisho ikiwa tarehe 30 Septemba 1972. Miezi mitatu baadaye, usiku wa mwisho wa mwaka, alipanda ndege chakavu iliyojazwa kupita kiasi, akipeleka misaada kwa watu wa Managua, mji mkuu wa Nicaragua, waliopigwa na tetemeko la tarehe 23 Desemba. Ndege ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka San Juan, na mwili wake haukuonekana tena. Kisa hiki husimuliwa hapa kana kwamba ndicho maisha yake yote, nami nitakiacha hapo.

Kinachonigusa mimi ni jina. Kwa miaka mingi watangazaji walimwita Bob au Bobby, na kadi za wachezaji za miaka ya 1960 zilichapwa "Bob Clemente", ingawa yeye mwenyewe aliwaambia kwamba anaitwa Roberto. Waandishi wengine walinukuu Kiingereza chake kwa kuandika kila neno jinsi lilivyomtoka mdomoni, kwa tahajia ya kuchekesha, hivi kwamba mtu mwenye akili kali alisomeka gazetini kama mjinga. (Mchezaji Mmarekani mwenzao mwenye lafudhi ya shamba, yeye walimnyooshea sentensi.) Hata alipokufa hawakumaliza. Mwaka 1973 walipomwingiza katika jumba la heshima la nguli wa besiboli huko Cooperstown, bamba lake la shaba liliandikwa "Roberto Walker Clemente". Kwa desturi ya Wahispania jina la ukoo wa mama hufuata la baba, na Walker ni jina la mama yake, kwa hiyo alipaswa kuwa Roberto Clemente Walker. Bamba lilisubiri mpaka mwaka 2000 kurekebishwa. Miaka 27 mtu anakaa ukutani, shaba nzima, na jina lake limepinduliwa.

Sasa nieleze nilivyopata kumjua, maana sikumjua kwa daraja wala kwa ukuta.

Majira ya baridi ya mwaka 2006 nilikuwa zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Chumba cha mwisho wa korido alikaa mzee aliyefanya kazi kiwandani kwenye chuma maisha yake yote, na mashine yake ya oksijeni ilikuwa na mlio kama wa birika linalotaka kuchemka. Alikuwa na kopo la biskuti lisilo na biskuti. Ndani yake mlikuwa na kipande cha tiketi, pete ya marehemu mkewe iliyofungwa kwenye leso, na kadi moja ya mchezaji. Kadi hiyo ilichapwa "Bob Clemente", lakini neno Bob lilikuwa limekatwa kwa kalamu ya wino wa bluu, na juu yake, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika, palikuwa na neno ROBERTO. Wanaojua bei za kadi hizo wangelia. Yeye alisema aliifanya kazi hiyo mwenyewe, mezani kwake, mwaka ule ndege ilipoanguka.

Mama yangu alikuwa na desturi ya kunipigia saa moja asubuhi ya Tanga, ambayo kwetu huku wakati wa baridi huwa saa tano ya usiku. Usiku mmoja simu ikaita nikiwa namgeuza yule mzee upande wa pili. Nilimweka sawa, nikavua glavu moja, nikasimama mlangoni na kusema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mama." Tukaongea habari za mvua, bei ya nazi na goti lake. Nilipokata simu, dada mmoja wa Puerto Rico aliyekuwa akipiga deki korido alikuwa ameegemea fagio lake ananitazama. Akaniuliza lile neno la kwanza lina maana gani. Nikamweleza kwamba kwetu huanzi maneno na mkubwa wako kabla hujalisema, naye hukujibu marahaba, na usipolisema atakaa kimya mpaka ujue umekosa nini. Yule dada alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema kwao neno ni "bendición". Mtoto akiingia ndani, bendición. Akitoka, bendición. Akipiga simu na akitaka kuikata, bendición, na mkubwa huitikia kwamba Mungu akubariki. Akaniambia mama yake aliwahi kumkatia simu akiwa huku ugenini, kwa gharama za wakati ule, kwa kuwa alianza na habari za hali ya hewa.

Ndipo sauti ikatoka kitandani nyuma yangu, nami nilidhani amekwisha kulala. Mzee alisema, "Hilo Clemente alilisema kwenye televisheni."

Tukaingia wote wawili, fagio likabaki limeegemezwa ukutani. Akatusimulia tarehe 17 Oktoba 1971, mechi ya saba ya fainali, Baltimore, Pirates wakishinda 2 kwa 1. Clemente alikuwa ameupiga mpira mmoja ukavuka ukuta, na alikuwa amefika kituo salama kwa kupiga katika kila mechi kati ya zile saba, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Mzee alisimulia kila mrusho, na alipofika kwenye mrusho wa mpira ule aliusimulia mara mbili, huku mkono wake wenye sindano ya dripu ukijaribu kushika rungu lisilokuwapo, nami nikiushusha taratibu kila ulipopanda. Sikumkatiza, ingawa chumba jirani kengele ilikuwa imewaka. Kisha akafika pale alipotaka. Baada ya mechi, katika chumba cha kubadilishia nguo, mtangazaji alimwekea kipaza sauti, nchi nzima ikimtazama, na Clemente akaomba kwanza aseme jambo kwa Kihispania na wazazi wake. Akasema maneno yake. Kisha ndipo akarudi kwenye Kiingereza.

"Mke wangu alidhani anasali," mzee alisema. "Mimi nilidhani anawashukuru makocha. Miaka 35 nayakumbuka yale maneno na sijui yalikuwa nini, ila hilo moja, hilo mlilolisema sasa hivi, lilikuwemo."

Yule dada aliyajua kwa moyo. Akasema Puerto Rico nani asiyeyajua. Akamfasiria polepole, akisimama kwenye kila kipande: kwamba katika siku iliyo kubwa kuliko zote maishani mwake, anawapa wanawe baraka yake, na anawaomba wazazi wake wampe yake kutoka Puerto Rico. Hayo tu. Mtu mwenye umri wa miaka 37, baba wa watoto watatu, amekwisha kuwa bora kuliko wote, na jambo la kwanza analolifanya mbele ya Marekani nzima ni kutoa shikamoo nyumbani.

Mzee alinyamaza kwa muda, mashine ikiendelea na mlio wake. Kisha akauliza, "Wakamjibu?"

Yule dada alisema bila shaka walimjibu, mzazi hawezi kutojibu. Mzee akasema yeye haulizi kama wanaweza. Anauliza kama walijibu, kwa sababu mlio wa jibu hakuusikia. Tukabaki tunatazamana. Kengele ya chumba jirani ikalia mara ya pili, nikaondoka.

Tangu usiku ule nilimwamkia kila nilipoingia zamu. Shikamoo, mzee. Alijifunza kuitikia "maraba", akalipenda, akawa anamjibu hivyo hata muuguzi aliyemletea dawa na ambaye hakuwa amemwamkia. Nikamweleza pia kwamba mimi si Sam. Alilisema jina langu vizuri kabisa jioni hiyo, mara tatu, na kesho yake akaniita Sam. Mtu aliyekata neno Bob kwa wino wa bluu kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kukutana naye aliniita Sam mpaka alipokufa mwezi wa tano, na mimi nikaitika. Simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Mnaona basi nilichotaka kukutana na Clemente ili nimuulize. Ningetaka kujua mtu anasahihisha jina lake mara ngapi kabla hajachoka, na akichoka anafanya nini na siku zilizobaki. Nilipoanza kuandika jibu hili nilikuwa na hakika kwamba ni yeye na hilo ndilo swali. Nikiwa nimefika hapa hakika hiyo imepungua. Alikuwa mtu wa kujiheshimu, mwepesi wa kukasirishwa na waandishi, na aliposhika nafasi ya 8 katika kura za mchezaji bora wa ligi mwaka 1960, msimu ambao timu yake ilitwaa ubingwa, hakuficha uchungu wake. Mtu kama huyo nikimwendea na habari za Bob huenda akaniona ni mwandishi mwingine tu aliyekuja na kalamu. Kihispania changu ni maneno mawili. Tena lipo tatizo ambalo Mswahili hawezi kulikwepa: nani amwamkie nani? Kwa mwaka wa kuzaliwa, yeye ni rika la baba yangu, na shikamoo ni yake. Kwa umri aliofia, miaka 38, ni mdogo wangu, maana mimi nimekwisha kuipita hamsini, na yeye ndiye angepaswa kuanza. Tungesimama pale kila mmoja anamsubiri mwenziwe.

Kwa mama yake hakuna utata huo. Kwa hesabu yoyote ile mtakayoitumia, Luisa Walker ni mkubwa wangu, na ningejua la kusema mara tu ninapovuka kizingiti.

Kwa hiyo, mhariri, kwa kuwa swali lenu linataka mchezaji na si mzazi wa mchezaji, nihesabieni kura yangu kwa Roberto Clemente Walker, kwa mpangilio huohuo wa majina tafadhali, na kwa masharti kwamba nisipange foleni na asinisainie kitu. Lakini kama wiki ijayo mtakuwa na swali legevu zaidi, la kukutana na mtu yeyote, basi sahauni kura hii. Nipelekeni Puerto Rico kwa wazazi wake, jioni ile ya tarehe 17 Oktoba 1971. Nitamwamkia bibi, nitakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na mtoto wake akishalisema lile neno huko Baltimore nitageuka nimtazame mama.