Kwa Anayeanza Kupima Chaji Ndani ya Polima

Kazi hii ni ya kupiga polima, yaani plastiki, kwa mwale wa elektroni na kupima chaji inayobaki ndani yake. Wageni wengi huanza kwa kuuliza mashine ya kurusha elektroni inafika volteji gani. Mimi ningependa waulize mambo mawili mengine: elektroni zikiingia kwenye plastiki zitasimama wapi, na zikitaka kutoka zitapita njia gani.

Tuanze na kina, maana ndicho chepesi. Elektroni za keV 40 (eV, elektronivolti, ni kipimo cha nishati; keV ni elfu moja zake, MeV ni milioni) huzama kama mikromita 20 tu ndani ya poliimidi, ile plastiki ya rangi ya kaharabu inayouzwa kwa jina la Kapton. Za MeV 1 hufika karibu milimita 4 ndani ya akriliki. Kwa hiyo filamu ya mikromita 50 ukiipiga kwa MeV 1, elektroni karibu zote zitapita na kuishia kwenye bamba la chuma lililo nyuma, nawe utakesha ukisubiri chaji isiyokuja. Kwenye mamia ya eV mambo hugeuka: kila elektroni inayoingia inaweza kung'oa zaidi ya moja, na uso ukabaki na chaji chanya. Usikimbilie kukagua nyaya, haziko kinyume.

Kisha chukua kalamu. Chaji ikisimama ndani, uga wa umeme kati yake na bamba la erthi hukua kadiri ya mkondo mara muda, ukigawanya kwa permitiviti, yaani kipimo cha jinsi dutu inavyopunguza uga wa umeme ndani yake. Polima nyingi zina permitiviti kama mara 3 ya ile ya ombwe. Mkondo wa nanoampea 1 kwa kila sentimita ya mraba, kama hakuna kinachovuja, hufikisha uga wa volti milioni 100 kwa mita ndani ya dakika nne na nusu hivi. Punguza mkondo uwe pikoampea 1 na safari hiyo hiyo inachukua siku tatu. Cheche ndani ya polima iliyopigwa elektroni hutarajiwa uga ukiwa kati ya volti milioni 10 na milioni 100 kwa mita, kwa hiyo hapo tayari uko mahali pa hatari.

Lakini kihami chochote huvuja, na hapo ndipo kazi yetu ilipo. Muda wa kuvuja ni permitiviti mara ukinzani mahususi, yaani ukinzani wa dutu yenyewe bila kujali umbo la kipande. Ukinzani wa ohm-mita 10¹⁶ unakupa siku tatu. Wa 10¹⁵, saa saba na kidogo. Ukiacha mwale uendelee, uga hukwama mahali ambapo kinachovuja kinalingana na kinachoingia, yaani mkondo mara ukinzani. Kosea ukinzani mara kumi na jibu lako la "salama" au "si salama" limekosewa mara kumi.

Sasa, namba hiyo ya ukinzani unaitoa wapi? Mgeni huitoa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Mimi karatasi hiyo siiamini kwa kazi hii, na si kwa sababu mtengenezaji anadanganya. Kipimo cha kawaida huweka volteji kwa dakika moja kisha kusoma mkondo, na sampuli mara nyingi imekaa kwenye hewa yenye unyevu. Katika dakika hiyo sehemu kubwa ya mkondo ni molekuli zinazojipanga upya, si chaji inayopita. Plastiki hiyo hiyo ikikaushwa kwenye ombwe, ikapigwa mwale na kuachwa, inaweza kuonyesha ukinzani mkubwa zaidi mara kumi, mara mia, hata zaidi. Ipime mwenyewe: piga, zima, kisha fuatilia volteji ya uso ikishuka kwa siku kadhaa.

Unapofuatilia, angalia vitu vidogo. Mwanga huongeza upitishaji wa poliimidi, basi funika dirisha la chemba. Kipima ombwe chenye waya wa moto hutoa mwanga na chembe zenye chaji, kizime. Andika halijoto kila mara, kwa kuwa sampuli baridi hushika chaji muda mrefu kuliko ile iliyo kwenye joto la chumba. Halafu usianze kuhesabu mara tu baada ya kuzima mwale. Mnururisho wenyewe, yaani kule kupigwa mwale, huipa polima upitishaji wa ziada, unaokua pamoja na kasi ya dozi (nishati ambayo plastiki inafyonza kutoka kwenye mwale) na kufifia polepole mwale ukishazimwa. Mteremko wa mwanzo ni wa upitishaji huo. Ukinzani wa gizani utauona baadaye.

Upitishaji huo wa ziada ndio unaonifanya nishuku majaribio ya haraka. Mtu huongeza mkondo mara elfu ili wiki ziwe dakika, kisha anagawanya kwa elfu. Haigawanyiki hivyo: kasi ya dozi ikipanda upitishaji hupanda nao, wakati kuvuja kwa polepole hakupati nafasi ya kutokea. Angani, ambako elektroni huingia kwenye plastiki za setilaiti polepole kwa siku nyingi, ni huo mvujo wa polepole unaoamua. Setilaiti mbili za Kanada, Anik E1 na Anik E2, zilipoteza udhibiti siku moja, 20 Januari 1994, baada ya siku kadhaa za elektroni nyingi zenye nishati kubwa.

Volteji ya uso nayo ina ujanja wake. Filamu iliyopakwa chuma pande zote mbili na kuunganishwa na erthi itasoma sifuri pande zote, huku ndani kumejaa chaji. Hapo unahitaji mbinu ya mpigo na sauti: mpigo mfupi wa volteji hutikisa chaji, chaji hutoa wimbi la sauti, na kihisi cha piezo, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, husikia ilikolala.

Maliza vipimo vya volteji kabla ya kuingiza hewa. Shinikizo linapopanda hupita eneo ambalo gesi hupasuka kiumeme kwa urahisi, na chaji ya juu ya uso hufutika kimyakimya. Ya ndani hubaki. Kipande kinene cha akriliki kilichopigwa kwa MeV kadhaa kinaweza kukaa na chaji muda mrefu. Ncha ya msumari ikikigonga, cheche huchora ndani yake mti wenye matawi, ile michoro ya Lichtenberg. Kwa hiyo kishike kwa koleo la plastiki, si kwa vidole, na bahasha yake iandikwe tarehe, nishati na dozi. Sampuli iliyokwisha kupigwa ina minyororo ya molekuli iliyokatika na mitego mipya ya elektroni. Usiirudishe kwenye droo ya sampuli mpya.