Maswali ya wasomaji: Gemu ina maksi 94, mbona mi naiona ya kawaida?

SWALI: Shikamoo anko. Mi niko Igoma, Mwanza, gemu nachezea kwenye banda flani hapa Buzuruga. Nilisoma BioShock Infinite imepewa maksi 94 kwa mia, nikambembeleza jamaa wa banda aiweke, nikalipia lisaa, aisee nimetembea tu kwenye mji wa angani nasikiliza watu wanaongea, kuja kushika bunduki muda umeshaenda na washkaji wananicheka eti bora ningecheza mpira. Hivi hao wachambuzi wanahongwa au?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tusifike huko kwenye kuhongwa. Hiyo 94 ni wastani, Metacritic wanachukua maksi za magazeti na tovuti kibao wanazichanganya, na mchambuzi anaicheza katulia kwake na hedfoni toka mwanzo mpaka mwisho. We uko kwenye benchi, wa pembeni kafunga goli anapiga kelele, na ukirudi kesho unakuta mtu kasevu juu ya gemu yako. Gemu ya stori kwenye banda la kulipia kwa saa inaonewa tu.

Ila hapo kwenye maongezi ndo penyewe. Mwaka ni 1912, mji unang'aa, watu wanaimba, unachaguliwa kwenye bahati nasibu unapewa mpira namba 77, kumbe zawadi yenyewe ni kuwa wa kwanza kuwarushia huo mpira mzungu na mwanamke mweusi waliofungwa mbele ya umati kisa wanapendana. Ukikimbilia bunduki hapo huoni kitu.

Na usidhani wote walisifu tu. Gemu ilitoka 2013, maksi zikamiminika, halafu watu walipopoa wakaanza kuuliza, stori nzito hivi mbona kila dakika tano tunasaga watu vichwa? Wengine wakakasirika zaidi, weusi na mafukara wanaoinuka dhidi ya wakandamizaji wanaonyeshwa kama na wao ni washenzi vilevile. Kwangu mimi hilo lalamiko la pili ndo la maana, na kwenye namba 94 hulioni.

Ugomvi wenyewe wa zamani. BioShock ya kwanza ilipotoka 2007 ikapata 96, Clint Hocking, naye mtengeneza gemu, akaandika kwamba stori inasema hivi na uchezaji unasema vingine, haviendani. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akatoa Far Cry 2, ndani ya nchi ya Afrika ya kutunga, unaumwa malaria katikati ya mapigano, macho yanaingia ukungu mpaka umeze vidonge (sisi wa kando ya ziwa hapo hatuhitaji mkalimani). Wachambuzi wakasifu moto unavyosambaa kwenye nyasi, ila wakalia na vile vizuizi vya barabarani, unaua walinzi wote, ukipita tena wamejaa upya.

Kama ni banda tu unalo, omba Titanfall 2 ya 2016. Stori fupi, rubani na roboti lake, risasi zinaanza mapema, na kuna misheni unabonyeza kitufe unaruka toka leo kwenda zamani kwenye jengo lilelile. Wachambuzi waliipenda sana ila ikauza chini ya matarajio, maana ilitoka ikabanwa katikati ya gemu mbili kubwa za vita, Battlefield 1 na Call of Duty ya mwaka ule.

SWALI: Mhariri habari, mwanangu ana miaka 11, anataka gemu ya Modern Warfare 2 eti ina stori nzuri. Nimnunulie? Mama, Nyegezi.

JIBU: Hapana mama. Ile ya 2009 ilisifiwa kweli, ila ina misheni ya kupiga risasi raia uwanja wa ndege, ikazua kelele dunia nzima, na wenyewe waliweka njia ya kuiruka. Kwenye kasha pameandikwa 18, yaani ya miaka 18 kwenda juu.