Jicho jekundu la mgonjwa wa kisukari si la kutibiwa duka la dawa

Tangu macho mekundu yalipovuma Dar es Salaam Januari 2024, kila jicho jekundu mtaani lina jina moja. Baba mkwe alipoanza kulalamikia jicho la kulia, jirani alishafika na kichupa cha matone kilichobaki kwao.

Lakini Baba ana kisukari, na alikuwa ametoka tu kulazwa kwa maambukizi ya njia ya mkojo, mpira wa mkojo ulikuwa umetolewa juzijuzi. Macho mekundu ya virusi huwasha na kutoa machozi, na ukishafuta tongotongo, kwa kawaida unaona. Lake lilikuwa linauma kwa ndani, mwanga ulimchoma, na alisema anatuona kama tuko nyuma ya chandarua. Nikamulika kwa tochi ya simu: chini ya sehemu nyeusi ya jicho, kwa ndani, kulikuwa na mstari mweupe. Ule ni usaha uliotuama.

Usaha wa namna hii mara nyingi hutokana na jeraha au upasuaji wa jicho. Kwa wachache bakteria hutoka mwilini: kwenye figo, jipu la ini, vali za moyo, hata kidonda cha mguu. Husafiri na damu hadi ndani ya jicho, sehemu ya nyuma, na kuzaliana huko. Homa inaweza isiwepo kabisa, kwa hiyo usiisubiri.

Matone peke yake hayafiki huko kwa kiasi cha kutosha, na yale yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) yanaweza kuficha hali huku bakteria wakiendelea. Nenda hospitali yenye daktari bingwa wa macho siku hiyohiyo, usiku ukibidi. Ukifika, usiseme "jicho" tu. Taja kisukari, kulazwa, mpira, dripu, kidonda. Sisi tulipotaja mkojo ndipo damu na mkojo vikachukuliwa kuoteshwa maabara, na dripu ya antibayotiki ikaanza bila kungoja majibu. Uliza pia jicho la pili, kwa sababu linaweza kuingiliwa.

Kinachowakimbiza wengi ni sindano ya ndani ya jicho. Kwetu walitumia antibayotiki mbili, vancomycin na ceftazidime. Baba aligoma, shemeji naye akamuunga mkono, mpaka nesi alipoeleza kuwa ganzi hutangulia. Baadaye Baba akasema sindano ya ganzi ya jino ilimuuma zaidi.