Mwalimu wa uongozaji, usipande jukwaani

Dada uliyeuliza, hongera kwa kazi, na pole kidogo. Kwa waliochelewa kuingia: amepewa kozi ya uongozaji wa tamthiliya, mwaka wa pili wa shahada, wanafunzi 43, wiki 15. Yeye ni mwigizaji mzuri ila hajawahi kumfundisha mtu kuongoza. Anauliza aanze na nadharia au vitendo, na atasahihishaje.

Kozi hiyo nimeifundisha miaka 11, kwenye vyuo viwili. Nadharia itasubiri. Shida yako ya kwanza ni neno lenyewe. Tanzania tunasema mwongozaji, na mwanafunzi akilisikia anamwona kiongozi, mtu kama mwenyekiti wa kikao cha harusi, wa kusimama mbele na kupiga makofi watu wanyamaze. Kenya wanasema mwelekezi, na hapo nawaonea wivu. Mgeni akikuuliza njia ya sokoni unamwambia nyoosha mpaka msikitini, ukifika penye mwembe kata kushoto. Humbebi mgongoni. Wanafunzi wetu wanabeba. Anapanda jukwaani, anamshika mwigizaji bega, anamsogeza, anamwigizia kabisa: "sema hivi." Mwenzake anarudia ile sauti kama kasuku, na kesho yake imeshapotea.

Kuna kundi la pili, hawa waliotoka kwenye filamu. Siwadharau, wengi wanajua kazi kuliko sisi. Ila mtu wa filamu amezoea kukaa nyuma ya kamera, macho kwenye kioo, akijua kwamba uso ukiwa mdogo atausogeza karibu. Jukwaani hakuna wa kumsogezea uso. Aliyekaa kiti cha mwisho anaona mwili mzima, na mwili ukiwa hausemi kitu hataokolewa na kope. Hawa nawahamishia kiti cha mwisho tangu siku ya kwanza, na nawakataza simu.

Zoezi langu la wiki ya pili ni hili, lichukue kama lilivyo. Naandika ubaoni majibizano matupu:

Umekuja.
Nimekuja.
Mvua?
Imenikuta njiani.
Kaa basi.
Sikai.

Basi. Hakuna majina, hakuna mahali. Kila mmoja anapewa waigizaji wawili na dakika 20, halafu anatuonyesha. Hapo utajua nani ana jicho. Mwaka mmoja binti mmoja mpole, ambaye mpaka siku ile nilikuwa sijaisikia sauti yake, alimkalisha mwigizaji wa kwanza kwenye mkeka na ungo, achague mchele. Mchele haukuwapo, wakatumia kokoto za nje. Mwanamume akaingia. Jaribio la kwanza lilikuwa baya. Nilimsikia binti akimwambia yule dada wa ungo, "Onyesha umekasirika," na dada akakunja uso mpaka sote tukacheka.

Nikamwita binti pembeni, nikamwuliza: "Kukasirika ni hali. Mwigizaji hawezi kuifanya hali. Anamfanyia nini huyu mwanamume?" Akakaa kimya muda mrefu, na mimi nikakaa kimya, maana hapo ndipo mwalimu anapotaka sana kufungua mdomo. Mwishowe akasema, "Anamfanya ajione mgeni kwenye nyumba yake." Nikamwambia nenda kamwambie hivyohivyo, usiongeze neno.

Yule wa ungo hakuinua kichwa. "Umekuja" akaitamka huku akitupa kokoto moja pembeni. "Mvua?" akaiuliza kama anavyoulizwa mpangaji. Na "Kaa basi" aliisema akisogeza mkeka kidogo, nafasi ya mtu mmoja, bado haangalii. Mwanamume aliposema "Sikai" ndipo akainua macho. Mistari ileile sita, na darasa zima lilijua hawa ni mume na mke na kwamba aliondoka siku nyingi. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kufafanua tofauti ya hali na kitendo. Mtu akisema "onyesha huzuni," wenzake wanapiga kelele: "Kitenzi!"

Sasa kosa langu, ili usilirudie. Mwaka wangu wa pili kazini, kijana mmoja alikuwa na onyesho la mwisho wa muhula, na tukaambiwa kuna wageni wa ngazi za juu watakuja. Siku tatu kabla niliangalia mazoezi nikaona aibu. Waigizaji wanagongana, katikati kumelala. Nikapanda jukwaani. Nilipanga upya miondoko yote, nikakata kurasa, nikabadilisha hata maleba, yaani mavazi ya waigizaji. Wageni walisimama kupiga makofi. Kesho yake kijana akaja ofisini kurudisha funguo za stoo, akasema, kwa adabu zote, "Hongera kwa onyesho lako, mwalimu." Muhula uliofuata alihamia kozi nyingine. Nilipaswa kuliacha onyesho lake lianguke, kisha nikae naye siku mbili tuchimbue lilianguka wapi. Tangu hapo nina kiti changu, safu ya nne, na kabla mazoezi hayajaisha sikitoki. Nikitaka kusema kitu nakiandika daftarini. Nusu ya ninayoyaandika, hadi mwisho wa mazoezi wameshayagundua wenyewe.

Kuhusu kusoma tamthiliya. Sisi tumelelewa na uhakiki wa kidato cha tano na sita: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mwanafunzi anakuja na kurasa nane za dhamira za Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, halafu hajui amwambie mwigizaji aingie kwa mlango upi. Hapa ndipo Warusi wamenisaidia. Maria Knebel, mwanafunzi wa Stanislavski, yule gwiji wa uigizaji wa Urusi, aliyefundisha waongozaji miaka mingi GITIS, chuo cha sanaa za maonyesho cha Moscow, alikuwa na utaratibu ambao ukiusikia unaona kama uvivu: msikariri kwanza. Someni tukio, kubalianeni kimetokea nini na nani anataka nini kwa nani, fungeni kitabu, pandeni mlicheze kwa maneno yenu wenyewe. Halafu rudini kwenye kitabu mwone mlipotofautiana na mwandishi. Wao huita etyudi.

Nilijaribu kwenye tukio la mwisho la tamthiliya hiyo, Kinjeketile akiwa kifungoni na Wajerumani wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Wanafunzi wakilisoma wanalihutubia, kila mtu anakuwa mwanasiasa wa Mnazi Mmoja. Walipofunga kitabu, aliyecheza Kitunda, rafiki wa Kinjeketile, akachuchumaa karibu na mwenzake, akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, we sema tu, yaishe." Kulikuwa na cheko kidogo, kisha kimya. Aliyecheza Kinjeketile alikosa jibu. Alitafuta, akashindwa, akaondoa macho. Mwongozaji wake alikuwa amekaa mbele yangu. Nikaona ameacha kuandika. Waliporudi kwenye kitabu, maneno ya Hussein hayakuwa hotuba tena. Yalikuwa jibu la mtu aliyebanwa na rafiki yake.

Faida nyingine ambayo Knebel sidhani aliifikiria: darasani kwako utakuwa na mtoto wa Tanga anayeongea kama kanda za taarab na mwingine wa Bariadi ambaye Kiswahili sanifu ni nguo ya Jumapili. Kwenye etyudi wote wawili wanakuwa nyumbani kwao.

Miondoko ya jukwaani nayo ina ugonjwa wake, mimi nauita mstari wa kwaya. Ukiwaacha, waigizaji watano watajipanga sambamba, wameangalia hadhira, kila mtu akisubiri zamu. Usiwafokee. Wapeleke Feri asubuhi, mnada wa samaki wa Dar es Salaam, wakae saa nzima bila kuandika, warudi na tukio moja: nani alitaka nini, na alisimama wapi. Mwanafunzi mmoja aliniletea jambo ambalo nimelitumia miaka yote iliyofuata. Alisema mnunuzi anayemtaka samaki kwelikweli haelekei samaki. Anasimama ubavu, anaangalia bahari, mkono mfukoni. Anayetazama samaki kwa macho mawili ni mpita njia. Tulirudi darasani tukapanga tukio zima la posa kwa kanuni hiyo na mstari wa kwaya ukafa wenyewe.

Na kama ukumbi umechukuliwa na mahafali (utachukuliwa, tena wiki ya onyesho), usilie. Toka nje. Ngoma zetu zilikuwa na hadhira pande zote kabla hatujajengewa jukwaa la pazia, na walimu wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama Penina Mlama na Amandina Lihamba walipokwenda kufanya maigizo kijiji cha Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi ilifanyika kati ya wanakijiji. Mwongozaji aliyezoea hadhira upande mmoja tu, mpange chini ya mwembe uone atakavyohangaika. Kila mgongo wa mwigizaji ni uso kwa mtu mwingine. Wiki mbili za hivyo zina thamani kuliko mihadhara yako yote ya nafasi na umbo.

Usahihishaji. Usitoe alama kubwa kwa onyesho. Onyesho linabebwa na waigizaji wazuri, na mwenye marafiki wengi atapata waigizaji wazuri. Mimi nilitoa 30 kwa onyesho, 40 kwa daftari la uongozaji na 30 kwa jinsi anavyoendesha mazoezi, ambayo nilikwenda kuyaona bila taarifa. Daftari uwakague kila Ijumaa, vinginevyo litaandikwa lote usiku mmoja kwa kalamu moja, na wino utakuambia. Ninachotafuta ndani yake ni mahali alipofuta. Daftari safi sana nalitilia shaka.

Wanafunzi 43 huwezi kuwapa kila mmoja onyesho, hilo kubaliana nalo mapema. Wagawe watatu watatu: mmoja anaongoza, mmoja ni msimamizi wa jukwaa, mmoja anaandika kila agizo mwongozaji analotoa, neno kwa neno. Wanazunguka. Yule anayeandika ndiye anayejifunza zaidi, ingawa atalalamika kwamba amefanywa karani. Mwisho wa mazoezi anamsomea mwongozaji orodha yake mwenyewe kwa sauti. Wa kwanza kusomewa kwangu alikuwa ametoa maagizo 61 ndani ya dakika 40, na 50 kati ya hayo yalikuwa neno moja: "Rudia."

Nina orodha ya mazoezi ya wiki zote 15, imechapwa vibaya lakini inasomeka. Ukiitaka nitaipiga picha kesho nikifika kazini, leo umeme hakuna.