Bibi yako na ile sindano ya nyonga

Mwanangu Atupele,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Unauliza kama tumwambie bibi kwamba anakwenda Muhimbili kutafutiwa saratani ya damu, au tumwambie ni vipimo vya mgongo tu. Nitafika hapo. Kwanza kuna jambo linanikaba koo.

Unajua mgongo ulimwanza vipi? Alijinyoosha kushusha sufuria kwenye kichanja, akasikia kitu kimelia ubavuni. Akaniita. Nikamwambia, "Mama, huo ni uzee, pumzika." Mimi huyu, niliyewaimbia ninyi miaka yote kwamba uzee si ugonjwa! Nikaenda duka la dawa nikamnunulia diklofenaki, zile dawa za maumivu, zilipokwisha nikanunua nyingine, miezi minne. Kumbe figo zilikuwa zimeshaelemewa, huenda na protini inayomwagwa na huo ugonjwa unaoshukiwa, na mimi kwa dawa zile nazitwisha mzigo juu ya mzigo. Daktari aliponieleza hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Huku kwetu Tukuyu alipimwa malaria, taifodi, yutiai, na kila safari kilipatikana cha kutibu. Damu iliposhuka hadi 6 akaongezewa chupa mbili, wajomba zako wakachangia. Akachangamka wiki tatu, akaanza hata kupalilia migomba, kisha akarudi palepale. Hakuna aliyeuliza damu inakwenda wapi. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, sikuuliza.

Aliyeuliza ni yule binti daktari wa Mbeya mjini. Alisema damu haikai, figo zimechoka, mifupa inauma. Kimoja kimoja ni kawaida kwa mtu wa miaka 77, vikija vyote pamoja si kawaida tena. Akaagiza picha ya kichwa. Nikataka kubisha, maana mgonjwa analalamikia mgongo. Picha ilipotoka akaiinua dirishani, nikaona fuvu la mama yangu lina vitundu vya duara, huku na huku, kama bati kuukuu la jikoni lililong'olewa misumari. Vitundu vyeusi kwenye mfupa mweupe. Sijaiondoa machoni hadi leo.

Akanieleza kwamba iko aina ya saratani ya damu, mieloma, inayoanzia kwenye uboho, mle damu inamotengenezwa. Seli ambazo kazi yake ni kutukinga zinazaliana ovyo, zinaibana damu ikose nafasi, na mfupa wenyewe unaliwa. Ndiyo sababu ya ile sindano: watamtia ganzi, wachome mfupa wa nyonga kwa nyuma, wavute uboho kidogo ukaangaliwe kwa hadubini. Mpaka hapo ni kushuku tu.

Sasa, tumwambie? Babu yako tulimficha, na unajua ilivyokuwa. Alikwenda akiamini ana vidonda vya tumbo, sisi tunanong'ona barazani. Baba yako mdogo anasema tulifanya vema, kwamba mzee alikula na kucheka mpaka wiki ya mwisho. Kuna siku namwamini. Nimewaona wazee waliolisikia neno hilo wakageukia ukutani wakakataa hata uji. Tena majibu bado, tumtishe na kitu ambacho huenda sicho? Lakini nikishasema hivyo najiuliza: atalazwa, atachomwa mfupani, naye asijue kinachotafutwa mwilini mwake? Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Huyu hakuficha. Alisema tangu siku ya sufuria, ni mimi niliyemjibu kwamba ni uzee.

Wewe na shangazi zako ndio mtakaokuwa naye, sitaki kuwaamulia nikiwa huku. Ningekuwa mimi... hapana, nimesema siamui. Ila mkimwambia, mwambieni na nusu ya pili: hata ikiwa ndiyo yenyewe, dawa zipo, nyingine vidonge vya kumeza. Haziung'oi ugonjwa, lakini zinautuliza. Na asikubali mtu yeyote huko Dar amwambie ni umri. Uzee si ugonjwa, mwanangu.

Habari ya basi niachieni. Zaidi ya kilomita 800, na zile kona za Kitonga, kwa mgongo ule? Tumechanga, ataruka kwa ndege kutoka Songwe. Picha ya fuvu nimeiweka kati ya makadibodi mawili isikunjike. Karatasi za damu na figo ziko kwenye mfuko uleule. Diklofenaki zilizobaki nimezitupa.

Jana usiku nikimfunika blanketi akaniuliza, "Hiyo sindano inatafuta nini?" Nikamwambia ngoja nikuletee chai. Niliporudi na kikombe hakurudia swali. Akasema tu, "Daktari akianza kuzungumza, Atu akae kushoto kwangu."

Sikio lake zima, unakumbuka, ni hilo la kushoto.

Baba yako