Kwa vijana mnaoanza kumimina Châteauneuf-du-Pape

Wadogo zangu, juzi usiku nilikuwa nyuma ya kaunta nikamsikia mmoja wenu akimweleza mgeni wa meza ya sita kwamba zamani Papa alionja zabibu zote za Ufaransa, akachagua kumi na tatu, ndipo Châteauneuf-du-Pape, mvinyo huu wa kusini mwa Ufaransa, ukazaliwa. Mgeni alisikiliza kwa adabu. Dakika kumi baadaye mwingine akachukua chupa ya mvinyo uleule kutoka rafu ya baa, ikiwa na joto la mkono, akaigeuza yote kwenye dikanta, kile chombo cha kioo cha kuupa mvinyo hewa, kwa mbwembwe kama anamwaga chai ya maziwa kijiweni. Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwepo. Leo sinyamazi. Makosa haya nayajua yote, na moja nililolifanya mwenyewe linaniuma mpaka leo.

1. Mwacheni Papa apumzike.

Papa Klementi wa Tano alihamia Avignon, mji wa kusini mwa Ufaransa, mwaka 1309. Aliyemfuata, Yohane wa Ishirini na Mbili, ndiye aliyejenga ngome juu ya kilima, kaskazini kidogo ya mji huo, na ni kweli alihimiza kilimo cha mizabibu. Sehemu ya Papa inaishia hapo. Kijiji chenyewe kilikuwa kikiitwa Châteauneuf-Calcernier, kwa sababu watu wake walikuwa wakichoma chokaa, na jina la Papa likawa rasmi mwaka 1893 tu. Ngome nayo, mgeni akikuuliza, ni gofu. Wanajeshi wa Ujerumani waliilipua mwaka 1944 walipokuwa wakirudi nyuma, na leo umesimama upande mmoja wa mnara.

Mtu mnayetakiwa kumjua ni Baron Pierre Le Roy de Boiseaumarié. Alikuwa mwanasheria, alirusha ndege katika Vita Kuu ya Kwanza, akaoa katika familia yenye mashamba pale kijijini. Siku hizo mvinyo wa pale ulikuwa unaondoka kwa mapipa kwenda Burgundy, mkoa mwingine wa mvinyo wa Ufaransa, kutia nguvu mvinyo wa kule uliopooza, na jina la kijiji lilibandikwa kwenye chupa na yeyote aliyetaka. Mwaka 1923 wakulima walimwendea awasaidie kulilinda jina lao. Akawaambia kwanza wao wenyewe wakubali kujibana. Hapo ndipo nampendea. Angeweza kuanza kuwashitaki matapeli wa nje, lakini alianza kwa kuwawekea masharti wa ndani: aina za zabibu zinazoruhusiwa, namna ya kupogoa mizabibu, kileo kisichopungua asilimia 12.5 bila kuongeza sukari, na kuchambua zabibu wakati wa mavuno ili mbovu zisiingie tangini. Na mpaka wa ardhi akauweka kwa kutazama majani. Ardhi iliyofaa kuingia ni ile kavu, maskini, inayoota lavenda na zaatari ya porini. Palipokuwa na rutuba ya kulimia mazao mengine, jina halikufika.

Masharti hayo ya kijiji kimoja yakawa mfano kwa Ufaransa nzima. Sheria ya majina ya asili, inayolinda jina la mvinyo kwa mahali unapotoka, ilitoka mwaka 1935, na mwaka uliofuata Châteauneuf-du-Pape ikawa miongoni mwa majina ya kwanza kabisa kupata ulinzi huo. Ukimweleza mgeni hivyo umemweleza ukweli, na ni hadithi tamu kuliko ile ya Papa.

2. Mawe si kila kitu.

Mmeona picha: mizabibu mifupi kama vichaka, imeota juu ya mawe makubwa ya mviringo, udongo hauonekani. Mawe yale ni kwazaiti, aina ya jiwe gumu, yaliburutwa na mto Rhône kutoka milima ya Alpi zama za kale yakasuguana mpaka yakawa laini. Kila mwanagenzi anajifunza kwamba yanahifadhi jua la mchana na kuupa mzabibu joto usiku. Kweli. Lakini jiulizeni, katika nchi yenye kiangazi kile, nani anahitaji joto la ziada? Faida yake nyingine, ambayo hamuisemi, ni kufunika udongo mwekundu wa mfinyanzi ulio chini usikauke haraka, kwa sababu kule mizabibu kwa kawaida haimwagiliwi.

Halafu kuna sehemu ambazo jiwe kama hilo hulioni. Kuna mchanga, kuna chokaa. Château Rayas, nyumba ambayo watu hulipa fedha nyingi mno kupata chupa yake, ipo mchangani, imezungukwa na msitu, mashamba mengi yanatazama kaskazini yasipigwe sana na jua. Mvinyo wake una rangi hafifu kiasi kwamba mwaka jana mmoja wenu alidhani chupa imeharibika akataka kuirudisha. Nilifika kwa kukimbia.

Na upepo msiusahau. Mistral hushuka bonde la Rhône kutoka kaskazini kwa nguvu ya kuvunja matawi, ndiyo sababu mizabibu mingi imeachwa mifupi, inajishikilia yenyewe. Upepo huohuo hukausha mashada baada ya mvua, na ukungu haupati nafasi.

3. Kumi na tatu ni ruhusa.

Sheria inaruhusu aina kumi na tatu za zabibu, lakini hakuna anayelazimishwa kuzichanganya zote. Château de Beaucastel wanajulikana kwa kuzipanda zote, lakini Rayas wanatengeneza mvinyo mwekundu wa zabibu ya Grenache peke yake, na wote wawili wako ndani ya sheria. Tangu mwaka 2009 hata hesabu imebadilika: ukizitenganisha kwa rangi zinafika kumi na nane. Kwa kazi yenu shikeni tatu, Grenache, Syrah na Mourvèdre, mjue kwamba Grenache ndiyo imejaa mashambani kuliko nyingine zote zikijumlishwa. Zile nyingine, Cinsault, Counoise, Muscardin na wenzao, mtazijua taratibu. Mvinyo wa rangi ya waridi hauruhusiwi kabisa. Mvinyo mweupe upo, kidogo.

Na hiyo Grenache ndiyo inanileta kwenye jambo ambalo nimelikwepa miaka mingi kuwasimulia.

4. Chupa ya mwaka 1978.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini, katika hoteli nyingine ya pwani. Nilikuwa nimefaulu mtihani wangu wa kwanza na nilijiona nimefika. Akaja mama mmoja Mfaransa, mtu mzima, peke yake. Siku ya pili akaniita mezani, akatoa chupa aliyoibeba kutoka kwao, imeviringishwa kwenye sweta. Châteauneuf-du-Pape ya mwaka 1978. Ule ulikuwa mwaka mzuri sana kwa bonde zima la Rhône, na ndio mwaka alioolewa. Mumewe alikuwa amefariki miezi kadhaa kabla. Walikuwa wamepanga kuja Zanzibar wote wawili na kuinywa hapa. Akasema, keshokutwa saa mbili usiku, meza iliyo karibu na maji, nifungulie.

Niliisimamisha chupa wima ili mashapo yatulie. Hilo nilifanya sawa. Siku yenyewe, saa kumi na moja jioni, nilichomoa kizibo polepole, kikatoka kizima. Nikamimina tone nionje. Jamani. Kulikuwa na cheri zilizokauka, majani ya chai, ngozi ya zamani, na kwa nyuma kabisa harufu ya kichaka kikavu baada ya jua kuzama. Ulikuwa mwembamba, laini, na ulikuwa hai. Sijasahau.

Kisha nikafanya nilivyofundishwa kufanya kwa mvinyo mwekundu mzito. Kwenye lebo kulikuwa na jina kubwa na kileo kingi, mimi nikahesabu kwamba mwenye nguvu anahitaji hewa nyingi. Nikaumimina wote kwenye dikanta yenye kitako kipana, nikaizungusha, nikaiacha juu ya meza ya huduma, kwenye joto la nyuzi 28, saa tatu nzima. Nilipita mara mbili nikaizungusha tena. Nilikuwa nimefurahi.

Saa mbili nilipommiminia, nilijua kabla hajainua glasi. Rangi ilikuwa imegeuka kahawia ya maji ya mbuyuni. Harufu ya cheri haikuwepo. Kulikuwa na kitu kama nyama iliyochemka mno, na ukali wa siki kwa mbali. Akaonja. Akaiweka glasi chini, akatazama bahari, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akanishika mkono, akasema kwa upole, labda ulikuwa umeshazeeka mno, tungeunywa mapema.

Na mimi nikasema, ndiyo mama, mvinyo wa umri huo huwa hivyo.

Hilo ndilo kosa lenyewe. La dikanta lilikuwa la ujinga, na ujinga mtu hufundishwa ukamtoka. Lakini nilikuwa nimeuonja saa kumi na moja. Nilijua kwamba yeye na mumewe hawakuchelewa. Nilimwacha mjane aondoke akiamini walikuwa wamesubiri kupita kiasi, wakati aliyeua chupa ile ni mimi, kwa muda wa saa tatu. Aliondoka siku mbili baadaye. Nilimbebea begi mpaka kwenye gari, mdomo ukiwa umejaa maneno, nikamtakia safari njema.

Baadaye nilikwenda kusoma kwa nini. Grenache haielewani na hewa. Rangi yake hupauka haraka na harufu zake hutoroka, kuliko Syrah au Mourvèdre ambazo zinastahimili. Wazee wa kijiji wanalijua hilo tangu zamani, ndiyo maana ukiingia kwenye maghala yao unakuta matangi ya zege na mapipa makubwa ya mwaloni mkuukuu. Mapipa madogo mapya si mengi. Na ndiyo maana wengi huchanganya kidogo Mourvèdre: inasimama kama mlinzi. Kila kitu nilichohitaji kujua kilikuwa kwenye historia ya mahali pale, mimi nikasoma asilimia ya kileo peke yake. Mvinyo huu una nguvu na bado ni dhaifu, vyote viwili kwa pamoja. Mkiona asilimia 15 kwenye lebo msidhani mmekabidhiwa jitu la mapambano.

Kwa hiyo, chupa iliyozidi miaka kumi na tano hapa kwetu inafunguliwa mbele ya mgeni, mnaonja, mnamimina moja kwa moja kwenye glasi, taratibu, mwanga nyuma ya shingo ya chupa ili muone mashapo yanapoanza. Chupa changa inaweza kukaa kwenye dikanta nusu saa. Na mkiharibu, semeni mmeharibu. Usiku uleule. Mshahara wenu nitaupigania mimi kwa meneja, nimeshafanya hivyo mara mbili na mnajua ni kwa nani.

5. Mengine ya haraka.

Mvinyo huu unamiminwa ukiwa na nyuzi 16 au 17, na baa yetu mchana ina 29, kwa hiyo dakika ishirini kwenye ndoo ya maji na barafu, na mgeni akishangaa mwelezeni. Funguo mbili na kofia ya Papa zilizochongwa kwenye kioo ni alama ya chupa ambayo wazalishaji wa pale walianza kuitumia mwaka 1937. Haziwaambii kama mvinyo ni mzuri, na wapo wazalishaji hodari wasioitumia. Zabibu zote za pale huvunwa kwa mkono, ni sheria, kwa hiyo msiisifie nyumba moja kana kwamba inafanya miujiza. Glasi ijazwe theluthi. Na jina tamkeni bila woga: Sha-to-nef-di-Pap.

Mkitaka kumfurahisha mgeni, mpeni hii, ni ya kweli: mwaka 1954 meya wa kijiji, Lucien Jeune, alitoa amri inayokataza visahani vinavyoruka, vile vyombo vya wageni wa anga za juu, kutua kwenye eneo lake, na chombo kitakachothubutu kikamatwe. Meya wa miaka ya karibuni alipoulizwa kama ataifuta, alikataa. Mimi mwenyewe nikisimulia hiyo meza nzima hucheka, na mara nyingi chupa ya pili huagizwa.

6. Chakula.

Mbuzi wa kuchoma, ndiyo. Pilau, ndiyo kabisa, maana karafuu na mdalasini vinakutana na Grenache kama ndugu waliopoteana. Pilipili mbichi hapana: ukali wake unakiamsha kileo, na mgeni atasema mvinyo unachoma. Samaki wa kupaka, mpeni kitu kingine.

Na wewe wa meza ya sita, acha kunikwepa jikoni, sijakasirika. Jumamosi saa tisa alasiri njoo chumba cha chini na wenzako. Nitafungua chupa mbili za mwaka mmoja, moja ya mchangani na moja ya mawe, kwa nyuzi 16. Mtaonja, mtaandika, kisha tutaziacha glasi mezani mpaka saa kumi na mbili, mzionje tena. Msipake manukato, na mchana msile vitunguu vibichi.