Swali la Lugha: Ramani ya Mtiririko au Ramani ya Mikondo?

Msomaji wetu wa Wete, Pemba, ambaye yeye na wenzake wanatengeneza gemu ya ngalawa, anauliza: "Ile picha ambayo rangi zake huongoza mwendo wa povu na moshi katika gemu, ambayo kwa Kiingereza huitwa 'flow map', sisi tumeiita 'ramani ya mtiririko'. Babu yangu, ambaye ni mvuvi, anasema neno hilo halikai sawa. Je, tuseme vipi? Na ni sahihi kuandika kwamba machembe ya povu yanaifuata ramani?"

Babu ana haki. Kutiririka ni kutoka au kushuka kwa kitu cha majimaji bila ya kukatika: machozi hutiririka mashavuni, jasho hutiririka mgongoni. Kitenzi hicho chaeleza namna maji yanavyotoka, wala hakiulizi yanaelekea wapi na kwa nguvu gani. Mkondo una vyote viwili, na ndiyo maana mvuvi, kabla ya kutia nanga, hutazama mkondo unakwenda upande gani na una kasi kiasi gani.

Sasa itazameni picha yenyewe kwa karibu. Katika kila nukta, kiasi cha rangi nyekundu kwa kawaida huonesha mwendo wa kushoto au kulia, na kiasi cha kijani huonesha mwendo wa juu au chini. Kwa kuwa kila rangi hupimwa kuanzia 0 hadi 255, thamani ya katikati, yaani 128 hivi, huwa na maana kwamba hapo hakuna mwendo. Mvuvi angesema maji yamesimama. Kadiri thamani inavyoachana na hiyo ya katikati, ndivyo mkondo unavyozidi nguvu. Nami napendelea wingi, "ramani ya mikondo", kwani mbele ya mwamba maji hwenda moja kwa moja, na nyuma yake huzunguka, na picha hiyo moja hubeba yote mawili.

Kuhusu "kufuata", afuataye ana hiari yake, na chembe haina hiari. Gemu inapochezwa, programu husoma papo hapo, fremu baada ya fremu (yaani kila picha moja moja inayojitokeza kwenye skrini), rangi ya mahali chembe ilipo, huigeuza kuwa kasi, kisha huisogeza chembe hiyo. Jani la mkoko likianguka majini huchukuliwa na mkondo. Basi andikeni: "Chembe za povu zinachukuliwa na mkondo", na zikiwa za moshi au vumbi, "zinapeperushwa". "Machembe" hayahitajiki, kwani chembe ni neno la ngeli ya I-ZI: chembe hii, chembe hizi.

Mtiririko uwekeni kwa maji yanayoshuka kwenye tanga lililorowa, ikiwa gemu yenu ina mvua.